Wale Ambao Hawakufanya Mtihani

Mtu nitakayemsimulia msimtafute Kibiti mjini, wala Bungu, wala kwenye boti zinazosubiri maji yajae pale Nyamisati. Nimemuumba kwa ajili ya funzo, na njia niliyompitisha ni ile ambayo mwalimu yeyote mzuri anaweza kuipita asijue ni wapi alikosea. Nitamwita Mwalimu tu, maana hata alipoacha kufundisha watu hawakumwita jina lingine.

Alifundisha hesabu kwa zaidi ya miaka ishirini katika shule ya msingi iliyo kando ya barabara ya Kilwa, na alikuwa mwalimu kwelikweli. Mpunga ulipokaribia kuiva, familia zilihamia mabondeni kukaa kwenye madungu, na watoto wakaenda nazo kuamia ndege. Wenzake waliandika utoro kwenye daftari la mahudhurio, yakaishia hapo. Yeye Jumamosi alipanda baiskeli akawafuata, akakaa nao chini ya dungu, akaandika hesabu mchangani kwa kijiti huku wakipokezana kupiga kelele za kufukuza ndege. Alipowakuta watoto wa darasa la tano wasiojua kusoma, hakuwatukana wala hakuuliza nani aliwapandisha. Aliwabakiza baada ya masomo, akawakatia kadi kutoka makasha ya sabuni, akaanza nao silabi kwa silabi kama watoto wa darasa la kwanza.

Shule yake haikuwahi kuwa ya kwanza wilayani. Lakini watoto walioingia naye darasa la kwanza walikuwa karibu wote bado wamo darasani walipofika la saba, na jambo hilo halikuandikwa kwenye jedwali lolote.

Alipofikisha miaka 55 aliomba kustaafu kwa hiari. Kiinua mgongo kilijenga nyumba na kulipa madeni, naye akaanza kazi mpya ya kushauri shule. Sioni kosa hapo. Nchi hii inawaacha walimu wake bora wakae barazani na ujuzi wao, kisha inatafuta wataalamu wa kuja kutueleza kwa nini watoto hawasomi. Mtu aliyeshika chaki miaka ishirini na zaidi ana haki ya kuitwa mshauri, na ana haki ya kulipwa. Kazi zake za kwanza zilikuwa nzuri: aliwafundisha walimu vijana kupanga somo, akawaonyesha wakuu wa shule namna ya kukagua madaftari bila kumdhalilisha mwalimu mbele ya wanafunzi.

Kisha ukaja mkataba wa deltani.

Kwa asiyeijua Kibiti, wilaya hii ina sura mbili. Iko ya barabarani, yenye korosho, maduka na mabasi ya kusini, na iko ya deltani, katika kata kama Mbuchi, Msala, Maparoni na Kiongoroni, ambako Rufiji inajigawa kuwa mikondo mingi kabla ya kuingia baharini. Huko mtu hapangi safari kwa saa ya mkononi, anapanga kwa kupwa na kujaa kwa maji. Pikipiki ya afisa elimu kata haivuki mkondo. Maji ya chumvi yanapopanda, visima vya baadhi ya vijiji havinyweki. Mtoto anaweza kuwa ng'ambo ya shule, akaliona paa lake, na asifike kwa kukosa mtumbwi. Walimu wanaopangiwa huko wengi huomba uhamisho mapema, kwa sababu ya nyumba, maji na usafiri. Na Aprili 2024, mafuriko yalipoikumba Rufiji na Kibiti, nchi nzima ilishuhudia jinsi maisha ya bondeni yanavyoweza kusombwa kwa wiki chache.

Mradi ulikuwa wa miaka miwili. Mshauri angelipwa kwa mikupuo mitatu, na mkupuo wa mwisho, uliokuwa mkubwa kuliko yote, ulifungwa kwenye kiwango cha ufaulu cha darasa la saba.

Ripoti yake ya kwanza ilikuwa ripoti ya mwalimu. Katika shule moja alikaa na watoto 60 wa darasa la sita, mmoja mmoja, akampa kila mtoto aya ya darasa la pili asome. Watoto 26 hawakuweza. Akaandika alichokijua kwa maisha yake yote: shida imeanzia chini, walimu wazuri wapelekwe darasa la kwanza na la pili, na hawa 26 watengewe saa moja kila siku ya kufundishwa kusoma. Akaomba miaka mitatu au minne.

Jibu lilirudi kwa adabu. Mradi ni wa miaka miwili. Tafadhali pendekeza hatua zitakazoonyesha matokeo ndani ya muda.

Hapa ndipo funzo lenyewe lilipo, nami naomba msomaji asilipite haraka. Hakuna aliyemwambia Mwalimu adanganye. Hakuna aliyemwagiza afute jina la mtoto. Aliulizwa swali ambalo jibu lake la kweli halikuwapo, naye badala ya kusema halipo akaenda kulitafuta. Angeweza kujibu kwamba kwa miaka miwili anaweza kuwafundisha watoto 26 kusoma, basi, na kwamba hilo ni jambo kubwa. Alikuwa mtu pekee mezani aliyejua ni jambo kubwa kiasi gani. Akanyamaza, akaandika mpango mpya.

Mpango ulipendeza. Mtihani wa majaribio mwishoni mwa darasa la sita. Orodha ya rangi tatu. Wa kijani waingie kambi, wa njano wapewe masomo ya jioni, wa nyekundu "washauriwe". Walimu watatu hodari kati ya sita waliokuwapo wahamishiwe darasa la saba. Kushauriwa, ilipofika kwa mwalimu mkuu wa shule, kulikuwa na maana tatu: mtoto akariri darasa, ahamie shule nyingine, au mzazi aje akubali kwamba mtoto wake hawezi tena.

Bibi mmoja alivuka kwa mtumbwi kuja kuuliza.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Mwalimu. Nimeambiwa mjukuu wangu hapandi darasa la saba."

"Bado hajui kusoma vizuri, Bibi. Tumeona akae darasa la sita mwaka mmoja zaidi, ajipange."

"Na huko darasa la sita nani atamfundisha kusoma? Mwaka huu wote alikuwa humo humo."

"Tutaangalia, Bibi. Tunamwepushia aibu ya kufeli."

"Aibu yake au yenu, Mwalimu?"

Mwalimu mkuu, mama wa makamo aliyekuwa ameketi pembeni na daftari lake, aliinamisha kichwa. Yule bibi aliagwa kwa heshima zote na maji yalipojaa akarudi kwake. Mjukuu alihudhuria wiki chache za Januari, akiwa mkubwa kuliko wenzake wote darasani. Machi alikuwa anamenya kamba. Kabla ya mwaka kuisha alikuwa ameolewa Mafia.

Septemba watahiniwa walikuwa 34. Waliofaulu walikuwa 24. Asilimia 71! Mwaka uliotangulia shule hiyo hiyo ilikuwa na watahiniwa 61, wakafaulu 23, yaani asilimia 38. Kikao kikafanyika, cheti kikatolewa, picha zikapigwa chini ya mwembe, na mkupuo wa mwisho ukalipwa wote. Mwalimu akaitwa wilaya nyingine kueleza siri ya mafanikio.

Tuipige hesabu hiyo kama alivyokuwa akiwafundisha watoto wake zamani. Mwaka uliotangulia walifaulu 23. Mwaka wa mafanikio walifaulu 24. Ameongezeka mtoto mmoja. Ukirudisha wale 60 waliokuwa darasa la sita, ufaulu ni asilimia 40. Kutoka 38 kwenda 40 ndiyo kazi yote iliyofanyika darasani. Kilichobaki, zile pointi thelathini na zaidi, kilitoka kwa watoto 26 waliobaki nje.

Na gharama haikuishia kwao. Walimu watatu hodari walipopandishwa juu, madarasa sita yaliyobaki yakaachiwa walimu watatu. Darasa la kwanza na la pili yakaunganishwa chumba kimoja. Watoto walioingia shule mwaka ule wa sifa watakapofika darasa la sita watakuwa na wasiojua kusoma wengi kuliko 26, na mradi utakuwa umeshafungwa zamani. Wazazi nao walijifunza. Kijiji kilichoona watoto wakirudishwa nyumbani na shule yenyewe hakiwezi tena kuambiwa na shule hiyo kwamba utoro ni kosa la mzazi.

Mwalimu hakushtakiwa wala hakufukuzwa. Mkataba uliisha, akapata mwingine. Kama mtu anangoja nimwangushe ili kisa kikamilike, sitafanya hivyo, kwa sababu mara nyingi haiwi hivyo, na ubaya wa jambo hili uko hapo hapo: linalipa.

Yaliyotokea kwenye shule hii ya kubuni yaliwahi kutokea kwenye shule za kweli, tena nchi nzima. Mwaka 2012 ufaulu wa darasa la saba Tanzania ulishuka hadi takriban asilimia 31. Mwaka uliofuata Serikali ikaja na mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, ikaweka malengo ya asilimia 60 kwa 2013, 70 kwa 2014 na 80 kwa 2015. Shule zote zikapangwa kwa nafasi, kitaifa na ndani ya wilaya, na kupewa rangi. Ufaulu ukapanda kweli: karibu asilimia 51 mwaka 2013, 57 mwaka 2014, 68 mwaka 2015. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin wakachukua matokeo ya shule zote za msingi kuanzia 2011 hadi 2016 wakayachambua. Waliona kwamba shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao ziliboresha matokeo kutokana na shinikizo lile. Waliona pia kwamba shule hizo hizo zilipunguza idadi ya watoto wa darasa la mwisho, na kwamba watoto hao hawakupungua kwa bahati mbaya.

Utafiti huo haukusema kwamba mafanikio yote yalikuwa ya uongo, nami sisemi hivyo. Wako walimu waliofundisha zaidi miaka ile, na watoto waliopata elimu kwa sababu hiyo. Lakini jedwali lililowasifu walimu hao halikuweza kuwatenganisha na wale waliopunguza watoto, kwa kuwa lilihesabu waliofanya mtihani peke yao. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Katika jedwali la ufaulu, asiyekuwepo huwaongezea wengine sifa.

Si Tanzania tu. Katika mji wa El Paso, Texas, mkuu wa elimu aliyeitwa Lorenzo García alikuwa na mkataba wenye bonasi za matokeo. Mtihani uliopima shule ulifanywa darasa la kumi. Wanafunzi dhaifu, wengi wao watoto wa wahamiaji kutoka Mexico, walirukishwa darasa hilo, au walirudishwa nyuma, au walikataliwa kuandikishwa kabisa. Mwaka 2012 alikiri kosa mahakamani, akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu. Hakuna umbali unaoweza kutenganisha delta ya Rufiji na jangwa la Texas katika jambo hili. Mlipe mtu kwa asilimia, mpe na mamlaka juu ya orodha ya watoto, kisha subiri.

Ila kulipa kwa matokeo si dhambi yenyewe. Kati ya 2013 na 2014 shirika la Twaweza liliendesha jaribio la KiuFunza katika shule 350 za wilaya 10 za Tanzania. Shule nyingine zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Nyingine walimu wake waliahidiwa bonasi ya shilingi 5,000 kwa kila mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu aliyefaulu jaribio la somo. Nyingine zilipewa vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuongeza kujifunza. Vyote viwili kwa pamoja viliongeza, tena kwa kiasi cha kuonekana. Mimi nataka msomaji atazame namna bonasi ile ilivyowekwa: ni kwa kila mtoto aliyefaulu, kichwa kwa kichwa. Mwalimu akimtoa mtoto dhaifu darasani hapati chochote kwa kumtoa. Akimfundisha akajua, anapata 5,000. Mtoto asiyejua kusoma anakuwa kazi inayongoja kufanywa, hawi mzigo unaovuta jedwali chini.

Kama mkataba wa Mwalimu ungeandikwa hivyo, angerudi kwenye kadi zake za makasha ya sabuni. Ninaamini hivyo kwa dhati, kwa sababu hakuwa mtu mbaya na ujuzi alikuwa nao. Angekwenda kumwomba mwenyekiti wa kijiji mtumbwi wa watoto wa ng'ambo. Angekaa na wazee kuzungumza juu ya msimu wa mpunga, masomo ya asubuhi yaanze na kuisha saa ngapi wakati wa kuamia ndege. Watoto 26 kwa saa moja kila siku kwa miaka miwili! Mwalimu yeyote wa darasa la kwanza anajua nini kinawezekana hapo. Na kama mkataba ungekataa kuandikwa hivyo, alikuwa na pensheni na nyumba. Aliweza kusema hapana. Vijana wanaoajiriwa kwa mikataba ya miezi sita huenda hawawezi, ila yeye aliweza.

Nasema hasa na walimu wanaostaafu sasa. Kazi za ushauri zinaongezeka. Pwani ni mmoja wa mikoa tisa ya mradi wa Shule Bora uliozinduliwa Kibaha mwaka 2022, yapo mafunzo endelevu ya walimu kazini, yapo mashirika na shule binafsi. Mtaitwa. Kabla ya kutia saini, ulizeni matokeo yatapimwa juu ya watoto gani: waliofanya mtihani, au walioandikishwa. Kama ni waliofanya mtihani, ombeni kifungu kibadilishwe, na ombeni kwa maandishi. Ripoti yenu ya kwanza, ile mliyoiandika mkiwa bado na vumbi la chaki mikononi, msikubali ifutwe na ya pili.

Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora. Ulikuwa uamuzi sahihi. Lakini tangazo likiondoka, mkataba unaolipa kwa asilimia bado upo, na kikao kinachomwaibisha mwalimu mkuu wa shule ya mwisho bado kinaweza kuitishwa. Zaidi ya hapo, mtaala ulioanza Januari 2024 unapunguza elimu ya msingi hadi miaka sita, hivyo mwaka 2027 wanafunzi wa darasa la sita na wa darasa la saba watamaliza pamoja. Vyumba vya kidato cha kwanza vitajaa. Kishawishi cha kuwapunguza watoto kabla hawajafika mlangoni kitakuwa kikubwa kuliko wakati wowote, na kitakuwa kikubwa zaidi kule ambako sekondari iko mbali na boti ni ya kukodi.

Kwa hiyo neno langu la mwisho ni kwa kamati za shule na wazazi wa Kibiti, wa barabarani na wa deltani. Matokeo yakitangazwa, msiishie kwenye asilimia. Mwombeni mwalimu mkuu alete daftari la walioandikishwa darasa la kwanza mwaka watoto hawa walipoanza, alete orodha ya upimaji wa darasa la nne, na alete orodha ya waliofanya mtihani wa mwisho. Zisomwe kwa sauti mkutanoni, jina kwa jina. Kila jina lililopotea njiani lielezwe: amehamia shule gani, au anakariri darasa gani na nani anamfundisha, au ameacha lini na nani alikwenda kwao kumtafuta. Kila mtoto ana namba yake ya usajili, kwa hiyo hakuna sababu ya kushindwa kujua. Na mtoto atakayeonekana ametolewa ili shule ipande, daini kiti chake, arudi Jumatatu inayofuata.